Moshi Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Nilikuwa nimefika kwenye picha ya Agosti kumi na tisa niliposhindwa tena kuona mpaka kati ya wingu na moshi. Nilisogeza picha kwa kidole, nikaikuza mpaka Ziwa Nyasa likajaa kioo chote cha simu, kisha nikairudisha. Wingu huwa jeupe na lina kingo, kama pamba iliyochambuliwa. Moshi hauna kingo. Ni kama mtu amemwaga maziwa yenye maji mengi juu ya ramani: nchi unaiona chini yake, lakini imefifia, na rangi inaelekea kijivu. Siku ile vyote viwili vilikuwapo, wingu juu ya mlima Rungwe na utando wa kijivu uliopanda kutoka upande wa Ziwa, na pale vilipokutana sikuweza kusema kimoja kinaishia wapi.

"Mama, Agosti kumi na tisa jani lilikuwaje?"

Mama yangu, Esnath, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Hakuinua macho.

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumanne."

"Jumanne walikuja wanunuzi wa parachichi kwa jirani yetu Jairo, wakaacha geti wazi, mbuzi wakaingia kwangu. Kavu. Lilikuwa kavu kabisa."

"Basi naweka alama ya moshi."

"Weka unavyojua. Mimi nakwambia jani lilikuwa kavu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu mimi na yeye, tangu nilipopanda bodaboda kutoka Tukuyu kuja kukaa naye Masoko kwa muda. Mimi natazama kutoka juu, kwa picha ambazo setilaiti inapiga kila siku ikipita mchana. Yeye anatazama kutoka chini. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, anatoka kwenda kwenye mgomba ulio nyuma ya choo na kupitisha kiganja juu ya jani.

Aliyegundua habari ya jani ni yeye. Huku kwetu ukungu haushangazi mtu. Mtoto anazaliwa kwenye ukungu na mzee anazikwa kwenye ukungu, na mgeni akiuliza mlima uko wapi tunamwonyesha kwa mkono upande ambao hauonekani. Kwa hiyo unapofika mwezi wa nane, mvua zimepungua, na asubuhi mabonde yamejaa kitu cheupe, kila mtu anakiita ukungu na kuendelea na shughuli zake. Mama naye alikiita ukungu kwa miaka mingi. Mwaka huu alipokwenda kukata majani ya kufunikia ndizi, alishangaa kwamba mikono yake haikulowa. Ukungu wa kweli unadondoka kwenye migomba kama mvua ndogo. Huu ulikuwa umesimama shambani kote na majani yalikuwa makavu.

Alinipigia simu siku hiyohiyo. Mimi nafanya biashara ya miche ya parachichi pale mjini, na nilikuwa nimejifunza mwenyewe kutazama picha za setilaiti ili kujua kama wingu linakuja juu ya kitalu au linapita. Sikuwahi kutafuta moshi. Nilipoutafuta niliukuta. Vinukta vyekundu, ambavyo ni alama za mahali palipo na joto la moto, vilikuwa vimetapakaa kusini-mashariki, ng'ambo ya Ziwa na mbali zaidi, kwenye nyika na mashamba yanayochomwa kila kiangazi. Kutoka hapo utando ulivutwa na upepo kuja juu ya maji, ukagonga milima yetu, ukakwama.

Lakini mama hakuniita kwa sababu ya kupenda kujua. Aliniita kwa sababu ya shamba.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Aliacha nyumba, migomba inayoizunguka, na shamba la bondeni lenye kahawa, ambalo yeye na mama walilipanda pamoja walipokuwa bado hawajazaa. Baada ya matanga, mdogo wake baba, Ambindwile, alisema kahawa irudi kwenye ukoo. Mama alisema hapana. Kiangazi kilichofuata mama akaanza kukohoa, na kila kiangazi tangu hapo kikohozi kimerudi, kifua kinalia kama mlango, usiku analala ameketi. Aika, tabibu wa zahanati, dada aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro, alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia ni pumu inayochochewa na hewa chafu. Ambindwile hakukubali. Alisema ni pumzi za watu.

Kwa asiye wa huku, nieleze. Wazee wetu wanaamini kwamba watu wakimnung'unikia mtu, hata kimoyomoyo, pumzi zao zinamfikia. Zinamwingia kama baridi. Anakohoa, anakonda, anakosa usingizi. Ili apone, wanaomnung'unikia wanakutana naye, kila mmoja anasema kilichomuudhi, yeye anakiri kosa, halafu kikombe cha maji kinazunguka. Kila mtu anachukua maji mdomoni na kuyapuliza chini, na hasira inakwisha hapo. Wengi wetu tunasali kila Jumapili na bado hatuli mezani na mtu tuliyemkasirikia. Mimi siicheki desturi hiyo. Nimeona watu waliopatana kwa kikombe hicho ambao mahakama isingewapatanisha.

Wala sisemi baba mdogo ni mwizi. Baba alipozidiwa, na gari halikupatikana, Ambindwile ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabara kubwa. Nadhani aliamini alichokisema. Tatizo ni kwamba alichokiamini kilikuwa kinamletea shamba.

Kikao kilipangwa Jumamosi. Mama angetakiwa kusema mbele ya ukoo kwamba alikosea kushikilia kahawa, aikabidhi, kisha maji yapulizwe. Mimi nilitaka kwenda na picha. Nilitaka kuwaonyesha siku kwa siku: hapa moshi ulikuja, hapa alikohoa, hapa upepo uligeuka, hapa alilala vizuri.

Ijumaa jioni nilikuwa karibu kumaliza. Picha na siku za kikohozi zilikubaliana vizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka nilipofika Agosti ishirini na nane. Hiyo ndiyo siku mama alipobebwa kwenye pikipiki kupelekwa zahanati, midomo imebadilika rangi. Hakuna aliyeisahau. Nilifungua picha. Anga ilikuwa safi. Niliona mpaka duara la ziwa letu dogo la Masoko, kama punje nyeusi. Hapakuwa na utando wowote.

Niliikuza, nikairudisha, nikaikuza tena.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

Nikamwonyesha. Alishika simu mbali na uso, kama anavyoshika Biblia.

"Hii ni kwetu?"

"Ni kwetu. Hakuna moshi."

"Jani nalo siku ile sikulishika. Nilikuwa nakufa."

"Naweza kuiruka. Picha ni nyingi, hawatauliza."

Mama alinirudishia simu. "Ambindwile ataiuliza hiyo kwanza. Na asipoiuliza, nitaiuliza mimi. Iache ilipo."

"Watasema basi ni pumzi."

"Gwe Sekela, wewe unadhani nimeshikilia kahawa kwa sababu ya picha?"

Kusema kweli nilikuwa nimeanza kudhani hivyo.

Walikuja Jumamosi mapema, kabla jua halijapanda juu ya vilima, wakakaa uani kwetu kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani. Weupe ulikuwa umesimama bondeni, na nyumba ya jirani ilionekana nusu. Mzee Amoni, mkubwa wa ukoo, alikaa katikati. Kando yake Ambindwile, ameweka kofia gotini. Shangazi Tupokigwe, dada yao baba, alichelewa, akafika akilalamikia magoti na kutaka chai kabla ya habari.

"Mugonile," alisalimia. "Naona mmekaa kama mnamzika mtu. Wifi bado mzima huyu."

"Kaa, Tupokigwe," alisema Mzee Amoni. "Tunaanza kwa sala."

Baada ya sala Ambindwile alisimama. Alizungumza kwa adabu. Alisema hana ugomvi na shemeji yake, kwamba anamwonea huruma, kwamba kila kiangazi anamwona anaisha. "Watu wananung'unika, shemeji. Si mimi tu. Kahawa ile ni jasho la ukoo. Watu wakinung'unika, mwili unasikia. Tulimalize jambo hili leo upumzike."

"Nani ananung'unika?" mama aliuliza.

"Watu."

"Watu wana majina."

"Shemeji, usianze."

"Nauliza ili nijue pumzi za nani zimenikaa kifuani. Nimezibeba muda mrefu."

Shangazi Tupokigwe alicheka kwa pua. Mzee Amoni alitaka kumkaripia, lakini kikohozi kikamshika. Alikohoa akainama, akapigapiga kifua kwa ngumi, akafuta machozi. Hata kabla hajamaliza, mtu wa benchi la nyuma naye akaanza.

"Na wewe Amoni," alisema Shangazi, "umemkosea nani?"

Watu walicheka. Mzee Amoni alipata sauti. "Kwangu ni ukungu tu. Ukungu wa asubuhi."

"Kwako ukungu," mama alisema polepole, "kwangu pumzi za watu."

Hapo hawakucheka. Mama alimwomba Mzee Amoni, kwa heshima zote, aende nyuma ya choo, ashike jani la mgomba. Mzee alimtazama Ambindwile, akatazama fimbo yake, kisha akaenda. Tulimsikia akikohoa njia nzima. Aliporudi alikuwa amenyoosha kiganja mbele yake kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Kiganja kilikuwa kikavu, na kwenye vidole palikuwa na vumbi laini la kijivu. Alilisugua kwa kidole gumba, akalinusa.

"Hili si umande," alisema.

Ndipo nikatoa simu. Sikuhubiri. Niliwapitishia, benchi kwa benchi, kila mmoja akatazama. Niliwaambia nyeupe yenye kingo ni wingu, kijivu kisicho na kingo ni moshi, vinukta vyekundu ni moto. Niliwaonyesha Ziwa na mahali tulipo. Wengine waliuliza maswali mazuri. Mmoja alitaka kujua kama setilaiti inaona mtu akiiba ndizi. Nikamwambia haioni hata nyumba, picha hizi ni za mambo makubwa.

"Basi haina faida," alisema Shangazi. "Inaona moto wa ng'ambo ya Ziwa, mbuzi wangu aliyepotea Pasaka haimwoni."

Ambindwile aliitazama simu kwa muda mrefu kuliko wote. Si mjinga baba mdogo.

"Haya," alisema. "Moshi upo. Mimi sibishi, jani tumeliona. Lakini moshi unapita kwa watu wote. Kwa nini unamshika yeye kuliko sisi? Ule moto wa ng'ambo, nani aliuelekeza kwake?"

"Kila kifua na nguvu zake," nilisema. "Aika anasema watu wengi wa kata hii wanakwenda zahanati wiki hizohizo."

"Kila mtu na makosa yake," alijibu. Wachache waliitikia. "Sasa nionyeshe siku ile. Siku ambayo nilimshikilia nyuma ya pikipiki asidondoke."

Nilikuwa nimesahau kwamba ndiye aliyemshikilia. Niliitafuta picha nikampa. Aliitazama, akampa Mzee Amoni.

"Safi," alisema Ambindwile.

"Safi," nilikubali. "Siku hiyo sijui. Setilaiti inapita mara moja mchana, inatazama kutoka juu. Inawezekana moshi ulikuja usiku ukaondoka. Inawezekana mtu alichoma majani hapa jirani. Inawezekana ni kitu kingine. Sijui, na sitasema najua."

"Mimi najua," alisema. Hakusema kwa kejeli. "Usiku wa kuamkia siku ile nililala na hasira na shemeji kuliko siku zote. Nilimtamkia maneno kitandani, mke wangu ni shahidi. Asubuhi naitwa, shemeji hapumui. Mnadhani mimi nilipenda? Niliogopa."

Sauti yake ilikatika kidogo. Watu walitazama chini. Niliona jinsi alivyokuwa amebeba jambo hilo, na niliona pia jinsi lilivyogeuza kikao chote. Picha zangu zote zilikuwa pale, na moja tu ndiyo iliyokuwa na uzito. Mzee Amoni alinyanyua kikombe cha bati kutoka kwenye ndoo, kimejaa maji.

"Esnath," alisema kwa upole. "Ambindwile amesema lake, hajaficha. Moshi ni moshi, hatuukatai. Lakini neno limesemwa. Sema na wewe. Sema la shamba, uchukue maji, tupulize, tumalize."

Akamkabidhi. Mama alisimama. Alikuwa mwembamba kuliko gauni lake, na kifua chake nilikisikia kutoka nilipokaa. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ambindwile," alisema, "ahsante kwa siku ile. Ulinishika vizuri, sikudondoka. Nilikuwa sijakushukuru."

Ambindwile aliitikia kwa kichwa.

"Ulilala na hasira na mimi. Nakuamini. Labda ni hasira yako iliyonishika koo. Labda ni moshi. Sekela hajui, Aika hajui, mimi ninayekohoa ndio sijui kabisa." Alivuta pumzi, ikamchukua muda. "Lakini mnaniambia nikiri kosa. Ile kahawa nilichimba mashimo yake nikiwa na mimba. Marehemu alikuwa anashika mche, mimi nafukia. Nikisema nilikosea, nitakuwa nimepuliza uongo, na maji yenu yatakuwa ya uongo. Kama ni pumzi, basi pulizeni. Mmepuliza miaka yote hii na bado nachuma. Shambani sitoki."

Kisha akanywa. Hakuchukua funda la kupuliza. Alikunywa maji yote mpaka chini, taratibu, koo likipanda na kushuka, akageuza kikombe kuonyesha kwamba hakijabaki na tone, akakirudisha kwa Mzee Amoni.

"Nilikuwa na kiu," alisema.

Hakuna aliyewahi kuona mtu akinywa maji yale. Mzee Amoni alikitazama kikombe ndani kama vile kilitakiwa kumwambia la kufanya. Mtu mmoja alisema, "Sasa imekuwaje?" Shangazi Tupokigwe alijiinua kwa kushika bega la jirani yake.

"Imekuwa maji yamekwisha," alisema. "Nipeni chai yangu niende."

Ambindwile alivaa kofia. Alimsogelea mama mpaka karibu, na nilisimama, lakini alizungumza kwa sauti ya kawaida tu. "Shemeji, Jumatatu nakuja kupanda miti ya mpaka kule bondeni, shamba liwe la ukoo. Nimesema mbele ya watu, siwezi kurudi nyuma."

"Njoo," mama alisema. "Utanikuta."

"Nitakuja na vijana."

"Waje na ndoo. Kahawa imeiva, wataona kazi."

Mzee Amoni alisema kikao kimeahirishwa, ingawa hakusema mpaka lini, na akaondoka akijikohoza, kiganja kile bado amekikunja kando ya mwili.

Mimi nilibaki nikikusanya vikombe. Nilijisikia nimeshindwa, na nilimwambia mama hivyo. Nilisema ningeitafuta ile siku zaidi, kuna picha za setilaiti nyingine zinazopita saa nyingine, kuna njia ya kufuata upepo wa usiku kurudi nyuma mpaka ulikotoka. Nilisema nikipata jibu kabla ya Jumatatu huenda Ambindwile atalegea.

"Itafute," mama alisema. "Ukiipata nitafurahi, maana nataka kujua ni nini kinaniua. Lakini usimtafutie Ambindwile. Tutafutie mimi na wewe." Alikuwa anafunga kitenge mdomoni na puani, fundo kisogoni. "Lete ndoo."

"Leo? Umeona hewa ilivyo? Aika alisema siku kama hii ukae ndani."

"Jumatatu nataka wakute kahawa imechumwa. Wakute ni shamba la mtu."

Nilimsihi, nikashindwa. Nilichukua dawa yake nikaiweka mfukoni mwangu ili niwe nayo karibu, tukashuka. Alichuma upande mmoja wa mstari na mimi upande wa pili. Kila baada ya miti michache alisimama, akashika shina, akasubiri kifua kitulie, na nilipomfikia na dawa aliivuta bila kubisha kisha akarudi kwenye tawi lake. Mchana simu iliita mara moja mfukoni. Nilijua picha ya leo imeanza kuonekana. Niliitoa, mtandao ukasuasua, kipande cha Ziwa kikafunguka na kingine kikabaki cheusi.

"Imefunguka?" mama aliuliza kupitia kitenge.

"Nusu. Upande wetu haujafunguka."

"Basi shika tawi hili, liko juu, mimi silifikii."

Nililivuta likashuka. Alichuma matunda yaliyoiva, akaacha ya kijani, hakuharakisha. Bondeni kulikuwa bado kweupe na jua lilionekana duara la rangi ya chungwa ambalo unaweza kulitazama bila kuumia macho. Giza lilipofanya tusitofautishe tena tunda lililoiva na lisiloiva, tulikuwa hatujafika hata nusu ya shamba. Tulimimina kahawa kwenye gunia la kubeba nyumbani, kisha mama akaifunika ndoo tupu kwa jani la mgomba chini ya mti wa mwisho tuliofikia, akaweka jiwe juu yake, ili kesho baada ya ibada tuanzie hapo.